Barua ya wazi kwa mnaosimamia huduma ya meno: jino mkishalifungua, limalizeni

Kwa Mkurugenzi, wajumbe wa bodi na wote mnaosimamia kliniki ya meno niliyotibiwa,

YAH: WAGONJWA WA MIZIZI YA MENO WANAOANZISHIWA MATIBABU NA KUACHWA NJIANI

Salamu kwenu wakubwa na poleni na majukumu. Sitaji jina la kliniki wala la daktari yeyote, nyie wenyewe mkisoma mtajijua, na sina nia ya kumchafua mtu, ninachotaka ni mambo yabadilike. Naandika hadharani kwasababu njia ya ndani nimeshaipita yote. Nilianza na karatasi ya maoni nikaitumbukiza kwenye lile sanduku la mapokezi, kimya. Nikaandika barua nikaipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kimya. Nikaomba kuonana na msimamizi, nikakaa benchi tangu asubuhi mpaka wanafunga madirisha, nikaambiwa malalamiko yangu yanafanyiwa kazi. Huu ni mwezi wa nne nasubiri. Jino lenyewe limeshang'olewa, kwahiyo siandiki ili nirudishiwe maana halirudi, nawaandikia kwa ajili ya wale niliowaacha pale wamekaa wameshika shavu.

Niwaeleze kwa kifupi yaliyonikuta maana najua faili langu halitawaeleza (nitafika huko kwenye faili).

Lilikuwa gego la chini kulia, lile la kwanza linalootaga mtoto akiwa na miaka kama 6 hivi, yaani jino ambalo nimekula nalo maisha yangu yote. Lilianza na baridi. Nikinywa maji ya baridi linashtuka, alafu maji yameshashuka tumboni zamani lenyewe bado linauma dakika nzima, dakika mbili. Baadaye likaanza kuniamsha usiku bila kuguswa na kitu, nikilala ndo linazidi, nikikaa linapungua kidogo, nikawa nalala nimekaa. Nikaja kwenu. Sikupigwa eksirei, sikugongwa jino, nikaandikiwa antibayotiki na dawa ya maumivu nikaambiwa nikimaliza dozi nirudi kama bado linauma. Wiki ya pili maumivu yakakata kabisa nikamshukuru Mungu nikajua nimepona. Sikujua kwamba jino lilikuwa limenyamaza kwasababu limekufa ndani. Baada ya miezi kadhaa fizi ikatoa kijipu, nikaja, dozi nyingine. Shavu likavimba, nikaja, dozi ya tatu, na safari hii ndo nikapigwa eksirei nikaambiwa linahitaji kutibiwa mzizi.

Siku ile lilipofunguliwa, jamani, usaha ulitoka na presha yote ikaondoka palepale, nilitoka pale natamani kumkumbatia yule daktari. Nikazibwa kwa dawa ya muda, nikapewa tarehe ya kurudi: wiki 11 mbele. Wiki ya tatu ile dawa ikadondoka. Nikaja, mapokezi wakaniambia tarehe yako bado. Nikaomba hata lizibwe tu juu, nikaambiwa subiri tarehe yako. Tarehe ikafika, mashine mbovu, nikapangiwa wiki 6 nyingine. Nilivyokuja nikakutana na daktari mwingine kabisa, mtu mpole tu, akafungua faili akageuza karatasi akaniuliza mimi: ulifanyiwa nini mara ya mwisho? Mimi ndo niliyeulizwa. Kabla hajafika popote akaona mpasuko, jino lilikuwa limepasuka katikati mpaka kwenye mzizi kwasababu nilikuwa natafunia jino lenye shimo wazi kwa wiki 14. Likang'olewa siku hiyohiyo.

Sasa naleta hoja zangu moja moja.

1. Vidonge vinatolewa badala ya matibabu.

Hili naliweka la kwanza kwasababu ndo mlango ambao wengi wetu tunapotelea. Mimi siyo daktari ila nimesoma na nimeuliza watu wanaojua, na jambo lenyewe siyo gumu kulielewa. Katikati ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inashuka mpaka kwenye ncha za mizizi. Bakteria wakitoboa njia kupitia tundu au ufa wakafika kwenye kiini, kinavimba, na kwasababu kimefungiwa ndani ya kuta ngumu hakina pa kuvimbia, ndo maana maumivu yake hayana mfano. Kikishakufa, damu haifiki tena ndani ya jino. Na antibayotiki zinasafiri na damu! Kwahiyo unameza kidonge, kinazunguka mwili mzima, kinapunguza vurugu kule nje ya mzizi, lakini ndani ya jino wale bakteria wamekaa kwenye chumba ambacho dawa haina barabara ya kufika. Dozi ikiisha wanatoka tena. Hata mara mia utaandikiwa, chumba kile kinasafishwa kwa mkono, au jino linatolewa, hamna njia ya tatu.

Na kwamba chanzo ni bakteria siyo jambo la kubishaniwa. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa magego ya panya mpaka kiini kikawa wazi, kundi moja panya wa kawaida, kundi lingine panya waliokuzwa bila bakteria yoyote. Panya wa kawaida viini vyao vilioza vikatunga majipu. Wale wasio na bakteria viini vyao vilipona vyenyewe vikajijengea ukuta mpya, ingawa na wao mabaki ya chakula yalikuwa yanaingia kwenye lile tundu. Miaka 60 imepita.

Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema mtu mzima mwenye kinga nzuri akiwa na maumivu ya kiini au jipu la mzizi ambalo halijasambaa, na matibabu ya jino lenyewe yanapatikana, asipewe antibayotiki, na zitumike pale maambukizi yanapoonyesha kusambaa mwilini kama vile homa na mwili kuishiwa nguvu. Mimi nilipewa dozi tatu bila kupimwa hata joto. Mgonjwa anayekwenda nyumbani na vidonge anaamini ametibiwa, hicho ndo kinachoniuma zaidi, kwasababu maumivu yakikata anaacha kurudi, na jino linaendelea kuoza kimyakimya huku mfupa unaozunguka ncha ya mzizi ukiliwa. Achilia mbali kwamba kila dozi isiyo na kazi inawafundisha bakteria kuzoea dawa, na siku ile utakapozihitaji kweli zisikusaidie.

2. Jino linapimwa kwa macho na kwa kuuliza "ni lipi linauma".

Maumivu ya kiini yanadanganya. Jino la juu linaweza kuuma ukahisi ni la chini, gego likakufanya udhani ni sikio. Pale benchi nilikaa na mama mmoja aliyeng'olewa jino mwezi uliopita na maumivu yakabaki vilevile kwasababu lililokuwa linauma ni la jirani yake. Mama wa watu analia, analia siyo kwa maumivu, analia kwamba alitoa jino zima. Kipimo cha baridi ni pamba yenye ubaridi inawekwa jino moja moja, kugonga ni kugonga taratibu kwa mpini wa kioo, eksirei ndogo ya jino inachukua muda mfupi sana. Siyo vitu vikubwa. Na eksirei peke yake haitoshi maana mwanzoni kabisa inaweza isionyeshe kitu, ndo maana vipimo vinafanywa pamoja.

3. Jino linafunguliwa na kuachwa.

Hapa ndo kiini cha barua yangu na naomba msome kwa utulivu.

Kutibu mzizi ni kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Jino linatiwa ganzi, linafunguliwa juu, urefu wa kila mzizi unapimwa, nyama iliyooza inatolewa kwa vile vijisindano vyembamba, mifereji (vile vijia vyembamba vya ndani ya mizizi) inapanuliwa na kuoshwa kwa maji ya dawa yenye klorini ambayo inaua bakteria na kuyeyusha mabaki ya nyama, inakaushwa, inajazwa mpira maalum unaoitwa gatapecha pamoja na gundi yake, juu linazibwa imara. Magego ndo yana kazi zaidi, gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu na wakati mwingine minne, la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha ambao daktari mwenye haraka anaweza kuupita. Naelewa kabisa kwamba haiwezi kuisha siku moja kila wakati. Jino lenye usaha linaweza kuwekewa dawa ya kalisi ndani, mgonjwa akarudi baada ya wiki moja au mbili, ni sawa kabisa.

Wiki 11 ni kitu kingine. Ile dawa ya kuzibia kwa muda ni laini, kazi yake ni kufunga mlango kwa siku chache au wiki chache, inalika, inavuja, inadondoka. Ikishavuja mate yanaingia na mate yana bakteria, yaani kazi yote iliyofanywa siku ya kwanza inafutwa. Alafu jino lililofunguliwa limetobolewa katikati na kuta zake zimebaki nyembamba, ukilitafunia linapasuka. Kabla hamjaligusa jino langu lilikuwa bovu ila zima, mlivyolifungua mkaliacha mkalifanya dhaifu kuliko mlivyolikuta. Sisemi kwa hasira, nasema kwasababu ndivyo ilivyo. Kama mnajua hamna nafasi ya kumalizia ndani ya wiki mbili tatu ni afadhali mgonjwa aambiwe ukweli mapema atafute pengine kwa rufaa, kuliko kulifungua leo na kumpa tarehe ya mbali kiasi kile.

Na yule aliyedondokewa na dawa ya muda asirudishwe mlangoni. Kuziba tena ni dakika 5. Dada wa mapokezi hana kosa, yeye anafuata daftari la tarehe, ila hakuna aliyemwambia kwamba mtu mwenye jino lililofunguliwa likiwa wazi siyo mtu wa kusubiri tarehe.

4. Kumbukumbu haziandikwi.

Daktari wa pili aliniuliza mimi. Kwenye faili kulikuwa na tarehe, jina la jino na neno moja, "limefunguliwa". Hakuna urefu wa mizizi, hakuna idadi ya mifereji iliyopatikana, hakuna dawa iliyowekwa ndani, eksirei haipo. Maana yake daktari anayefuata anaanza upya, anapima tena, anapiga picha tena, na kama kuna kijisindano kilikatikia ndani mara ya kwanza (hutokea hata kwa madaktari wazuri) yeye hajui na mgonjwa hajui.

5. Ganzi.

Hili watu wanaliogopa kulisema mbele ya daktari. Jino lenye kiini kilichovimba linajulikana kabisa kuwa gumu kukubali ganzi, hasa magego ya chini, mdomo unakufa ganzi mpaka kidevuni lakini jino lenyewe liko macho. Madaktari wanajua hilo na wanajua cha kufanya, wanaongeza sindano pembeni ya jino au kwenye mfupa, wanasubiri zaidi. Lakini kwenu nimesikia kwa masikio yangu kijana akiambiwa "vumilia, nshakuchoma ganzi huwezi kuwa unaumia". Anaumia. Akisema anaumia, anaumia. Watu wanakimbia matibabu haya kwa hadithi za namna hiyo, kila mmoja anamsimulia mwenzie kwamba kutibiwa mzizi ni mateso, wakati ikifanywa vizuri haitofautiani sana na kuziba jino la kawaida. Mateso ni yale ya usiku kabla hujaja.

6. Kile kitambaa cha mpira.

Kuna kipande cha mpira mwembamba kinachotandazwa jino likatokeza peke yake kwenye kitundu. Kinazuia mate yasiingie kwenye mzizi, kinazuia yale maji ya klorini yasiunguze koo na fizi, na kinazuia kijisindano kikiponyoka kisiingie tumboni au kwenye mapafu. Kilianzishwa na daktari wa meno wa New York, Sanford Barnum, mwaka 1864. Mwaka 1864! Mimi sikuwekewa, na kila niliyemuuliza pale nje hakuwekewa. Dawa iliingia kooni nikakohoa nikaambiwa tema.

7. Mwisho wa matibabu haumfikii mgonjwa.

Nina jirani aliyemaliza kutibiwa mzizi kwenu, yeye alibahatika. Alimaliza, maumivu yakaisha, hakuna aliyemwambia kwamba gego lililotibiwa mzizi linahitaji kofia, ile wengine wanaita krauni, kulikinga lisipasuke. Baada ya mwaka na kidogo likapasuka. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia zaidi ya meno milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi, miaka 8 baadaye asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Asilimia 97! Na kwenye yale machache yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Kwahiyo ukisikia mtu anasema kutibu mzizi ni kupoteza muda tu litang'olewa baadaye, huo siyo ukweli, matibabu haya yanadumu yakimalizwa. Yasipomalizwa ndo yanaonekana hayafai, alafu lawama inapewa matibabu.

8. Hatari haitenganishwi na foleni ya kawaida.

Nilimuona mzee mmoja amevimba chini ya taya pande zote mbili, mdomo haufunguki vizuri, mate yanamtoka hawezi kumeza, yuko namba 30 na kitu kwenye foleni kama sisi wote. Maambukizi ya jino la chini yakishuka kwenye sakafu ya mdomo yanaweza kusukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa, mtu anakufa, na anakufa kwa jino. Huyo hahitaji kadi wala namba, anahitaji kukimbizwa hospitali kubwa saa ileile. Namshukuru muuguzi aliyekuwa anapita akamuona akamtoa. Kama asingepita?

Najua majibu yenu kwasababu nimeshayasikia kwa mdomo, basi niyajibu kabisa.

Mtasema wagonjwa ni wengi. Ni kweli na nawaonea huruma madaktari wenu, ukienda mchana unawakuta wamechoka mpaka macho mekundu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema watu kama bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, kwahiyo hamko peke yenu. Lakini hesabuni: mimi peke yangu nilikuja kwenu mara 8 kwa jino moja na bado likang'olewa. Mara 3 za vidonge, mara 1 kufunguliwa, mara 1 kurudishwa mlangoni, mara 1 mashine mbovu, mara 1 kung'olewa na mara 1 kukaguliwa kidonda. Mgonjwa aliyepimwa vizuri siku ya kwanza na kumalizwa kwa awamu mbili au tatu angewaachia nafasi za watu watano. Foleni mnayoilalamikia sehemu yake mnaitengeneza wenyewe.

Mtasema vifaa hakuna. Mashine kuharibika naelewa, ila kipande cha mpira siyo mashine. Kuandika urefu wa mzizi kwenye faili kunahitaji kalamu. Kumgonga mgonjwa jino kwa mpini wa kioo, kioo mnacho.

Mtasema wagonjwa wenyewe wanachelewa na wakipata nafuu hawarudi. Hili nalikubali kwa sehemu na mimi ni mmojawapo, maumivu yalipokata nilikaa miezi. Sasa nambieni, nani aliniambia kwamba maumivu yakikata ghafla ndo nije mbio? Hakuna. Nilikabidhiwa bahasha ya vidonge yenye maandishi "1x3" basi.

Mtasema kung'oa kunamaliza tatizo haraka. Kuna meno ya kung'oa, sikatai, jino limeoza mpaka chini ya fizi, limepasuka mzizi, au mgonjwa mwenyewe kaamua hivyo akiwa anajua. Lakini gego likitoka la jirani linalalia pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzie, mfupa wa taya pale unapungua, na mtu anahamia kutafunia upande mmoja. Mimi sasahivi natafunia kushoto tu. Ninachodai ni mgonjwa aulizwe akiwa ameelezwa, siyo aambiwe fungua mdomo.

Kuna na lile wengine wanalisema chinichini, kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta magonjwa mwilini. Hiyo ni nadharia ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, watu waling'olewa meno mazima kwa ajili yake, na ushahidi haukuiunga mkono. Nashangaa kuisikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Naomba mzungumze naye ndani, simtaji.

Kwa heshima zote naomba yafuatayo:

(a) Kila anayekuja na jino linalouma apimwe kabla ya kuandikiwa chochote: baridi, kugonga, eksirei. Antibayotiki zitolewe kwa sababu iliyoandikwa kwenye faili.

(b) Asifunguliwe mtu jino bila tarehe ya kurudi iliyo ndani ya wiki 3, na tarehe ya kumalizia ijulikane siku hiyohiyo. Mkishindwa, rufaa kabla ya kufungua.

(c) Aliyedondokewa na dawa ya muda apokelewe siku anayokuja, bila kuulizwa tarehe. Wekeni hata saa moja kila siku kwa ajili hiyo.

(d) Mpira utumike kwa kila anayetibiwa mzizi, na ganzi iongezwe mgonjwa akisema anaumia.

(e) Faili liandikwe mifereji mingapi, urefu gani, dawa gani, na mgonjwa apewe nakala yake aondoke nayo.

(f) Pale mapokezi muweke tangazo kubwa lenye maandishi yanayosomeka: ukivimba chini ya taya au shingoni, ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, ukiwa na homa na uvimbe unakua, usikae foleni. Na mtu wa mapokezi afundishwe kuliona hilo kwa macho bila kusubiri kuambiwa.

(g) Anayemaliza matibabu ya gego aelezwe habari ya kofia siku hiyohiyo, na ajue lini arudi kupigwa picha kuangalia kama mfupa umepona.

Sitaki fidia na sitaki mtu afukuzwe kazi. Yule daktari aliyenifungulia jino alifanya kazi nzuri ndani ya muda aliopewa, na huyu wa pili aliniomba radhi kwa kitu ambacho hakukifanya yeye. Aliyepanga wiki 11 siyo wao.

Nakala ya barua ile ya kwanza yenye muhuri wenu ninayo. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza katika haya mambo saba ni yapi mnaanza nayo na lini. Nipo tayari kuja kukaa na nyie siku yoyote mtakayoniita, nitakuja na yule mama aliyeng'olewa jino la jirani kama atakubali, amesema atafikiria.

Wenu mtiifu,
Mgonjwa wenu wa gego la chini kulia